Jambo Bwana na machozi ya mjomba

Ndugu, unashangaa mjomba wako kulengwalengwa na machozi kwa Jambo Bwana ya Them Mushrooms, bendi ya Kenya, wimbo wa kuchangamsha watalii? Siyo maneno yake, ni umri. Nyimbo za ujanani ndizo zinazoganda zaidi kichwani. Huo ni wa 1982, ulivuma hotelini Mombasa, mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ujerumani nao wakatoa toleo lao. Kwetu kaseti ilikuwa moja; utepe ukichomoka tunaurudisha kwa kalamu ya Bic, na betri zikichoka mwimbaji anakokota kama mlevi. Mimi nikiusikia leo sikumbuki watalii hata kidogo. Namwona marehemu dada na pasi ya mkaa, kiuno kinacheza, shati linaungua. Muulize mjomba yeye anamwona nani.