Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Saikolojia Itanifikisha Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya saikolojia. Nikitaja ninachosoma, watu huniuliza mambo mawili: kama ninaweza kusoma mawazo yao, na kama nitapata kazi. La kwanza tunalicheka likaisha, lakini la pili linaninyima usingizi. Nilianza masomo nikiwa na nia ya kuwatibu wagonjwa hospitalini, na sasa waliohitimu kabla yangu wananiambia kwamba shahada hii pekee haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo. Je, nimepoteza miaka yangu? Na kama sitaendelea na shahada ya uzamili, ni nani atakayenihitaji?

JIBU: Waliokutangulia wamekueleza kweli, ila wameishia njiani. Shahada ya kwanza ya saikolojia haimpi mtu haki ya kutibu, kama vile shahada ya kwanza ya biolojia isivyomfanya mtu kuwa daktari. Katika nchi nyingi jina la kazi hiyo linalindwa na sheria. Uingereza, kwa mfano, anayetaka kuitwa mwanasaikolojia wa tiba hana budi kusajiliwa na baraza linalohusika, na njia ya kawaida ya kufika huko ni mafunzo ya uzamivu ya miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Majimbo mengi ya Marekani hudai shahada ya uzamivu kabla ya kumpa mtu leseni ya mwanasaikolojia anayejitegemea, na cheti cha Ulaya kiitwacho EuroPsy huhitaji miaka 5 ya chuo kikuu pamoja na mwaka 1 wa kufanya kazi chini ya usimamizi. Kwa hiyo, kama moyo wako bado uko hospitalini, tafuta wiki hii masharti ya chombo kinachosajili wanasaikolojia katika nchi utakayofanyia kazi, uyasome mpaka mwisho, kisha ndipo uchague kozi ya uzamili, kwa sababu zipo kozi zenye majina ya kuvutia ambazo hazimfikishi mtu kwenye usajili wowote.

Wakati unajipanga, jihadhari na kishawishi kimoja ambacho nimeona kikiwanasa wahitimu wengi, nacho ni kujitangaza mitandaoni kuwa mtaalamu wa msongo wa mawazo siku chache baada ya mahafali. Mtu anayekuja kwako akiwa amekata tamaa ya kuishi hatakuambia mapema kwamba tatizo lake limezidi kiwango chako. Ukitaka kuwa karibu na wagonjwa kabla ya kupata leseni, omba nafasi ya usaidizi katika wodi za afya ya akili, vituo vya kuwahudumia waraibu, au shule za watoto wenye usonji, ambako utafanya kazi chini ya macho ya mtu aliyesajiliwa. Nisikufiche kwamba kazi hizi huchosha na mara nyingi malipo yake ni madogo, lakini wanaochagua wanafunzi wa uzamili huzithamini, na wewe mwenyewe utajua mapema kama unaiweza kazi hii au uliipenda ukiwa mbali.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, kwa kuwa wahitimu wengi wa saikolojia duniani huishia katika kazi ambazo neno saikolojia halimo kabisa kwenye tangazo lake. Ukitafuta kazi kwa kuandika neno hilo tu, utapata nafasi chache na utaamini kwamba soko limefungwa. Jiulize badala yake umefundishwa kufanya nini. Umefundishwa kupima mambo yasiyoshikika kwa mkono, kama vile imani, hofu, mazoea na kuridhika, na kutofautisha kile ambacho watu wanasema na kile wanachokifanya. Ujuzi huo unahitajika popote penye watu, ilimradi uweze kuueleza kwa lugha ya mwajiri.

Chukua mfano wa marubani wa ndege za B-17 za Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado iko kwenye njia ya kurukia, rubani anakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), na ndege inalalia tumbo. Ilidhaniwa kuwa ni uzembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza chumba cha rubani aligundua kwamba vidhibiti vya vitu hivyo viwili vilikaa jirani na vilifanana. Dawa yake ilikuwa kukipa kimoja kichwa chenye umbo la gurudumu na kingine umbo la kabari, ili mkono uvitofautishe bila msaada wa macho. Wanaobuni programu za simu, mashine za hospitali na fomu za serikali hufanya uchunguzi wa aina hiyohiyo leo: humkalisha mtumiaji mbele ya kitu, humwangalia anapokwama, na hujizuia kumlaumu. Mhitimu wa saikolojia anayejifunza kidogo namna ya usanifu huo unavyofanyika ana mahali pa kuanzia.

Eneo jingine ni utafiti, uwe wa masoko, wa maoni ya wananchi, au wa ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Hapa ujuzi wako huonekana katika jambo dogo sana. Tazama swali hili, ambalo huenda umeliona kwenye hojaji nyingi za wafanyakazi: “Je, unaridhika na mshahara na mazingira ya kazi?” Anayependa mazingira lakini anauchukia mshahara ajibu nini? Akijibu ndiyo amedanganya, akijibu hapana amedanganya pia, na meneja anayepokea matokeo atafanya uamuzi kwa kutegemea namba zisizo na maana. Wewe ulifundishwa kulikata swali hilo vipande viwili katika somo la mbinu za utafiti, lile ambalo, nadhani, ulilihudhuria ukisinzia. Takwimu nazo ni hivyohivyo. Kama umebakiza muhula mmoja na una nafasi ya somo la hiari, chagua takwimu au uchambuzi wa data kabla ya somo jingine lolote.

Idara za rasilimali watu pia huajiri wahitimu wa saikolojia, hasa katika usaili na mafunzo ya wafanyakazi. Uchambuzi maarufu wa Frank Schmidt na John Hunter, uliotolewa mwaka 1998, ulionyesha kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa, ambapo kila mwombaji huulizwa mambo yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, ulitabiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kawaida. Mhitimu anayeweza kulieleza hilo na kuandaa usaili wa namna hiyo hahitaji kuomba radhi kwa shahada yake. Ustawi wa jamii, mauzo na huduma kwa wateja ni njia nyingine, ingawa huko utashindana na wahitimu wa kila fani, na mara nyingi tabia yako itatazamwa zaidi kuliko cheti.

Kabla hujatuma maombi, rekebisha wasifu wako. Sentensi kama “nina uelewa wa mbinu za utafiti” haimwambii mwajiri kitu. Eleza ulichofanya katika tasnifu yako kama kilivyokuwa: kwamba ulitunga hojaji, ukaijaribu kwa watu kadhaa, ukaondoa maswali yaliyoeleweka vibaya, ukakusanya majibu ya watu wangapi, ukayachambua kwa programu gani, na ukagundua nini. Andika idadi zake halisi. Tena, mwombe mhadhiri aliyeisimamia tasnifu hiyo awe mdhamini wako sasa, angali anakukumbuka kwa sura, kwa sababu baada ya miaka 2 utakuwa jina moja kati ya mamia.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusoma saikolojia katika vyuo viwili. Kimoja kinatoa shahada ya sanaa na kingine shahada ya sayansi. Ipi itampa kazi kwa urahisi?

JIBU: Mzazi mwenzangu, jina la shahada lina uzito mdogo kuliko yaliyomo ndani yake. Mketi pamoja mfungue mitaala yote miwili, mhesabu masomo ya takwimu na mbinu za utafiti, na mwangalie kama kuna tasnifu na mafunzo kwa vitendo. Kisha mkiulize kila chuo, kwa maandishi, kama chombo kinachosajili wanasaikolojia kinaitambua shahada hiyo kwa ajili ya masomo ya juu. Chuo kitakachozungukazunguka katika kulijibu swali hilo, mkiondoe kwenye orodha hata kama ndicho chenye majengo mazuri.