Lango liwe wazi, lakini nina neno kuhusu mizizi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, bustani kubwa za mimea zilizo katikati ya miji zitoze kiingilio, au ziwe wazi kwa kila mtu?", nimelisoma asubuhi na mpaka jioni hii halijanitoka kichwani. Jibu nilikuwa nalo kabla sijafika mwisho wa sentensi: zisitoze hata senti moja. Lakini nilipokaa kuandika nimeona kwamba lango silo linaloniuma. Kinachoniuma ni yanayompata mtu akishaingia ndani, na hasa pale anaporuhusiwa kuketi na pale anapokatazwa. Basi mniwie radhi, nitajibu hilo.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alikuwa akitibiwa mjini. Waliowahi kuuguza wanazijua siku za namna ile: mnafika alfajiri, mgonjwa anatolewa damu, kisha mnaambiwa mrudi saa nane kuchukua majibu. Tangu saa nne hadi saa nane huna pa kumweka. Mabenchi ya hospitali yamejaa, mgahawani huwezi kukalia kiti muda wote huo kwa kikombe kimoja cha chai, na barabarani ni honi, moshi na watu wanaopigana vikumbo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bustani ya mimea. Nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa ndani ya basi, sijawahi kuingia. Siku ile geti lilikuwa wazi na hakuna aliyetudai chochote. Tungedaiwa, tusingeingia. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya dawa na nauli, na mama asingekubali niipunguze ili tukatazame miti.

Tuliingia polepole, amenishika mkono, kila baada ya hatua chache anasimama kuvuta pumzi. Alipouona mkwaju akaniachia mkono.

Hakuhitaji kibao kumwambia ni mti gani. Aliokota kijitawi kilichoanguka, akapitisha kidole kwenye vijani vyake vidogo vilivyopangana viwili viwili, akang'ata kimoja kuonja ukakasi. Mimi ndiye niliyekwenda kusoma kibao. Kilikuwa cha bati, ukubwa wa kiganja, kimefungwa kwenye shina kwa skrubu ndefu yenye springi. Baadaye nilielezwa kwamba springi ile imewekwa makusudi: mti hunenepa mwaka hadi mwaka, na kibao kilichokazwa kwa msumari mwishowe humezwa na gome. Juu palikuwa na jina la kisayansi, Tamarindus indica, chini yake jina la familia, na chini kabisa namba iliyoanza na 1951.

"Indika ndiyo nini?" mama akauliza.

Nikamwambia ni kusema wa India.

"Wamekosea. Huu ni wetu."

Nilicheka, nikidhani ni mapenzi ya mtu kwa mti wa utotoni mwake. Kumbe hakukosea. Asili ya mkwaju ni Afrika ya kitropiki. Ulifika India zamani sana, ukazoeleka huko hata Waarabu wakaliita tunda lake tamr hindi, yaani tende ya India, na Carl Linnaeus wa Uswidi alipoupa jina la kisayansi mwaka 1753 akaifuata njia hiyohiyo. Kila ninapoliona jina lile kwenye kibao namkumbuka mama akitikisa kichwa.

Aliniuliza na namba. Nilikuwa siijui maana yake, ila mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani karibu yetu alituambia kwamba tarakimu nne za mwanzo ni mwaka mmea ulipoandikishwa, na kwamba ofisini mwao kuna kumbukumbu ya kila mti: mbegu ilitoka wapi, ililetwa na nani, ilipandwa lini. Nadhani watu wengi hawalijui hili, wala mimi sikulijua. Kinachoitofautisha bustani ya mimea na uwanja wowote wenye nyasi na maua ni kumbukumbu hizo. Bila hizo ni mahali pazuri pa kupumzikia, basi.

Mama akapiga hesabu. Yeye alizaliwa 1947. "Basi huyu ni mdogo wangu," akasema, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye shina, akanyoosha miguu. Dakika chache baadaye alikuwa amelala. Amelala kweli, mdomo umeachama, mikono imelegea mapajani. Usingizi ulikuwa umemkimbia nyumbani tangu wiki iliyotangulia. Kivuli cha mkwaju si kizito, jua linapenya na kuchezacheza, na niliketi pale nikitazama vidoa vya mwanga vikipita juu ya uso wake. Sikuthubutu hata kusogeza mkoba.

Ndipo akaja mlinzi. Kijana, amevaa sare iliyompwaya, na lazima niseme alikuwa na adabu. Alichuchumaa kwanza.

"Shikamoo mama. Samahani sana, hapa haparuhusiwi kukaa."

"Marahaba mwanangu," mama akaitikia kabla hajafumbua macho vizuri.

Alituonyesha kamba iliyokuwa imelegea hadi chini, nyasi zimeifunika. Tulikuwa tumeiruka bila kuiona. Nilimweleza kwamba huyu ni mgonjwa, tumetoka hospitali, tunasubiri majibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Si mimi dada, ni mizizi." Akatuelekeza kwenye benchi kando ya bwawa. Nilimjibu maneno ambayo mama alinikemea kwa ajili yake njia nzima. Mama aliinuka mwenyewe, akajikung'uta majani, akalipapasa shina kama anayeaga, tukaenda. Benchi lilikuwa juani. Saa mbili zilizobaki nilisimama nyuma yake nimemtandia mtandio juu ya kichwa, mkono mmoja ukichoka nabadilisha.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kuthibitisha jambo moja, kwamba bustani hizi zinathamini miti kuliko watu. Mizizi! Mama yangu alikuwa na uzito gani siku zile? Na nilipoanza barua hii nilikusudia kuandika hivyohivyo.

Lakini kuna habari niliyoisoma baadaye, na haki inanidai niitaje. Katika bustani ya Kew, London, kuna mwaloni mkubwa uliopandwa mwishoni mwa karne ya 18. Miaka ya 1980 ulikuwa unadhoofika na wenyewe hawakujua la kufanya. Oktoba 1987 ikapiga dhoruba iliyoangusha miti ipatayo 700 ndani ya bustani ile. Mwaloni ule upepo uliunyanyua na mizizi yake yote na udongo wake, kisha ukaudondosha palepale. Waliuegemeza, wakaacha kwanza washughulikie iliyolala chini. Baada ya miaka mitatu wakakuta umechangamka kuliko ulivyokuwa kabla. Wakatambua kwamba kilichokuwa kikiuua ni nyayo. Wageni wa miaka na miaka, kila mmoja akija kusimama kivulini, walikuwa wameukandamiza udongo mpaka hewa na maji havipenyi, na dhoruba ilikuwa imeulegeza. Tangu hapo wakaanza kuipulizia hewa ardhi ya miti mingine kwa mashine.

Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka yule kijana. Sisi tulikuwa wawili tu. Yeye alikuwa akiwahesabu wote watakaokaa pale baada yetu.

Na si nyayo pekee, kuna mikono pia. Yungiyungi la majini dogo kuliko yote duniani, lenye asili ya Rwanda kwenye chemchemi ya maji moto, wakati ule lilikuwa likidhaniwa limetoweka kwao likiwa limebaki kwenye bustani chache. Januari 2014 mtu alilichomoa moja hukohuko Kew akaondoka nalo. Wizi huu ni wa zamani: bustani ya Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 kwa ajili ya mimea ya dawa, na haikupita miaka mingi wakalazimika kuizungushia ukuta kwa sababu ya wezi wa usiku.

Kwa hiyo sasa nasema nini? Nilianza na "hata senti moja", na nimefika mahali ambapo siwezi kuishikilia kauli hiyo nzima. Lango kubwa libaki wazi, hapo sibanduki. Singapore wameweza: bustani yao ya tangu 1859, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015, unaingia bure tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku, na sehemu ya okidi ndiyo yenye kiingilio. Mpango huo naukubali. Mimea adimu iwekwe ndani ya uzio, anayetaka kuiona alipie, na pesa hiyo iende kwa mfagiaji, kwa mlinzi na kwa anayetunza zile kumbukumbu. Najua kuna majiji ambayo hayana uwezo huo, na huko sijui kama ningeweza kumlaumu anayetoza kidogo. Ila wagonjwa na wanaowauguza waachwe wapite, kokote iwako.

Na kamba naikubali pia. Imenichukua miaka kuliandika neno hilo. Lakini iwe kamba inayoonekana, na kibao chini yake kieleze sababu kwa lugha ambayo mtu aliyetoka hospitali ataielewa mara moja. Siku ile kama ningesoma "udongo huu unapumua, tafadhali usiukanyage", ningemwongoza mama kupita pembeni mwenyewe.

Mama alipona. Hadi leo nikimpigia simu kwamba naenda mjini huniuliza, "Mdogo wangu hajambo?" Mwezi uliopita nilipita kumtazama. Kamba imekazwa, majani yameachwa yaoze juu ya mizizi, kibao kinaning'inia kwenye springi yake. Benchi bado liko kando ya bwawa, juani. Wakilisogeza hatua kumi na tano tu upande wa mashariki, nje ya kamba, kivuli cha mkwaju kitalifikia kuanzia saa nane.