Majibu kwa Wazamiaji: Mikono Kifuani

Nikizamia Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, asubuhi, naweza kupanda ndege ya jioni kwenda Dar?

Hapana. Swali hili nimelijibu hadi limenikinai. Ukizamia mara moja tu, zipite saa 12 kamili. Ukizamia mara kadhaa, zipite 18, na wageni wangu mimi huwaambia walale kabisa, wasafiri kesho yake. Naitrojeni uliyoivuta kule chini bado imo mwilini, na mkandamizo wa hewa ukishuka ndegeni inatoka kwa mapovu, kwenye damu na kwenye viungo. "Lakini Dar ni dakika 20 tu!" Zinatosha. Panda boti.

Mnemba kuna papa?

Wachache mno. Ukimwona mmoja, shukuru, nyavu zimekutangulia.

Nataka glavu nisichubuliwe na matumbawe. Ninunue zipi?

Usinunue. Mwenye glavu hushika kila kitu.

Nahodha alitutolea kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, tupige naye picha, sekunde chache tu. Kuna ubaya?

Upo, na sitamlaumu nahodha peke yake, maana yeye anatafuta bakshishi na mtoaji ni wewe. Kiti cha pweza hana mapafu. Anapumua kwa vijinyama laini vilivyotapakaa mgongoni na kwa vile vijiguu vya tumboni, na vyote vinataka maji. Juzi nilikaa botini, maji yametoka, nikahesabu: mwekundu mmoja alipita mikono saba, wa mwisho akamvaa kichwani kama kofia. Wakamtupa majini chali. Akaanza kujipindua taratibu, mkono mmoja, halafu wa pili. Hajamaliza, boti nyingine ikatia nanga.

Na hukuniuliza, lakini kasa naye hupanda juu kuvuta pumzi kama wewe. Mkimzunguka watu kumi, kila mtu na kamera yake, mnamzibia njia. Kaa ubavuni, mbali, mikono kifuani. Akigeuka kuondoka, mwache aende zake. Wanaomfuata kwa mapezi wakitimua mchanga, nawajua kwa sura.

Papa potwe, wale papa wakubwa wa kisiwa cha Mafia: niende lini, na nibebe mitungi ya hewa mingapi?

Oktoba hadi Februari, upande wa Kilindoni. Mtungi hata mmoja usibebe. Miwani na mrija vinatosha, kwa sababu wanakula karibu na uso wa maji. Wanafuata uduvi, jamii ya huu unaouchambua jikoni kwako. Ingia majini polepole bila kishindo, kaa mbali na mkia. Nahodha akimkatia papa njia kwa mbele ili mrukie karibu, mwambie azime mashine. Umelipa wewe, una haki ya kusema.

Niliona matumbawe meupe pee kama chumvi, yamependeza sana. Ni aina gani?

Si aina, ni njaa. Maji yakizidi joto, tumbawe humtema mwani mdogo aliyemo ndani yake, naye ndiye anayempa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Mwaka 1998 Mafia ilipigwa vibaya namna hiyo. Joto likishuka mapema, tumbawe anaweza kupona. Likikawia, anafunikwa na majani ya kijani na harudi. Picha unayo. Rudi palepale baada ya miezi miwili, upige nyingine, uniletee zote mbili.