Waiteni karatasi ikiwa bado tupu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya afya ya akili hapa Tanga, kuna kosa nililifanya miaka yangu ya mwanzo, sipendi mlirudie. Tulikaa maofisa peke yetu tukaandaa mpango wa kuwafuatilia wagonjwa waliotoka wodini. Ulipokamilika ndipo tukawaita watumiaji wa huduma wawili, yaani watu wanaotibiwa maradhi ya akili. Wakasikiliza, wakapiga makofi, wakasaini mahudhurio, wakaondoka. Tukaandika kwamba wameshirikishwa.

Mmoja wao alikuwa mama muuza vitumbua wa Ngamiani. Kwenye faili lake tulishaandika "hatumii dawa ipasavyo". Siku moja nilimkuta barazani kwake, nikamuuliza. Akanijibu huku anageuza vitumbua kwa kijiti: "Mwanangu, dawa ile nikiinywa saa nne usiku, saa kumi siamki. Nisipoamka, watoto watakula nini?" Hakuwa mkaidi hata kidogo. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza anaamka saa ngapi. Daktari alipomruhusu kuinywa mara baada ya magharibi, hakuiacha tena. Sisi nafuu tuliihesabu kwa dalili kupungua. Yeye aliihesabu kwa jiko kuwaka alfajiri.

Kuwashirikisha si hisani yetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawagusa pia wenye ulemavu wa muda mrefu unaotokana na maradhi ya akili, na ibara ya 4 inataka washauriwe kwa karibu sera na sheria zinazowahusu zinapotungwa.

Kwa hiyo waiteni mapema. Msimwite mmoja, akiwa peke yake mbele ya madaktari sita ataitikia kila kitu. Nauli ya anayetoka Pangani au Muheza ilipwe siku hiyohiyo, na posho iwe sawa na yenu. Hili la posho nimegombana nalo sana na sijutii. Msiwalazimishe kusimulia walivyougua, maana wamekuja kushauri. Wala msichague wapole tu: aliyewahi kuletwa hospitali amefungwa kamba ana hasira, na hasira yake ina mambo ambayo mwongozo wenu hauna.

Kikao kikiisha, wasomeeni lililokubaliwa, na lililokataliwa waelezeni sababu. Mama yule siku hizi akifika huanza kwa kuuliza la kikao kilichopita limefikia wapi. Mara mbili nimelazimika kumjibu: bado, mama.