Maswali na Majibu: Mibuyu ya Kilwa, Mivule ya Rondo na Tembo wa Liwale

Likizo ya Juni inakaribia na maswali yamejaa. Safari hii nimechukua yanayohusu kwenda kuona miti mikubwa na wanyamapori katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara. Waliouliza jambo moja nimewajibu pamoja.

Safari ya kuona miti mikubwa na wanyama huko Kusini ni shilingi ngapi? (Wasomaji wengi)

Kila mwezi swali hili linakuja, na kila mwezi linakuja vilevile: halisemi mko wangapi, mnatoka wapi, mna siku ngapi, wala mnataka kuona nini. Bei nitakayoitaja hapo itakuwa uongo. Mtu mmoja akikodi Land Cruiser kutoka Masasi hadi Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule analipia gari lilelile ambalo watu sita wangechangia. Halafu kuna kiingilio, ambacho Mtanzania na mgeni kutoka nje hawalipi sawa. Kuna ada ya kulala, mwongoza watalii, askari wa wanyamapori kama mtatembea kwa miguu, chakula na mafuta. Orodhesheni hayo kwanza, ndipo muulize. Na mtu anayekutajia bei ya jumla bila kukuuliza chochote, mkimbie.

Shule yetu ina wanafunzi 45. Kwa siku mbili tunataka waone mibuyu ya Mikindani, msitu wa Rondo na tembo wa Lukwika-Lumesule. Tupangeje? (Mwalimu, Mtwara)

Mwalimu, hapo cha kufanya ni kupunguza. Mikindani ni pua na mdomo kutoka Mtwara mjini. Rondo iko Lindi, juu ya uwanda upande wa kaskazini wa bonde la Lukuledi. Lukwika-Lumesule iko Nanyumbu, kandokando ya Mto Ruvuma, na kutoka Mtwara hadi Masasi peke yake ni kama kilomita 200, hapo hujaifikiria Mangaka wala barabara ya vumbi inayofuata. Watoto watamaliza siku mbili dirishani wakihesabu mikorosho.

Siku ya kwanza wapeleke Mikindani asubuhi. Mibuyu iko palepale mjini, na Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 lipo, kwa hiyo somo la historia linaingia bila kulazimishwa: David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mchana nendeni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, wakaone mikoko. Watoto wa pwani wanakua wakiiona mikoko kama kuni tu. Waonyeshe samaki wachanga wanaojificha kwenye mizizi yake, na waeleze ufukwe unavyokuwa mahali ambapo mikoko imekatwa.

Siku ya pili ondokeni saa 11 alfajiri kwenda Rondo. Wiki kadhaa kabla, andika barua kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa sababu ile ni hifadhi ya mazingira asilia na kundi la shule haliingii kwa kubisha hodi. Wagawe watoto makundi ya watu 15, kila moja na mwalimu wake. Na hakikisha mnapelekwa msitu wa asili, maana Rondo ina pia shamba la miti ya kupandwa. Mkiona miti imejipanga mistari iliyonyooka, mmeletwa shambani.

Tembo wawekeni mwakani.

Mzee wetu anasema mbuyu mmoja hapa Kilwa una miaka 3,000. Naomba uthibitishe, nataka kuandika kwenye bango la watalii. (Kijana, Kilwa Masoko)

Sithibitishi, na wewe usiandike.

Umri wa mbuyu haukadiriwi kwa unene. Mibuyu mingi minene ni mashina kadhaa yaliyoota karibu na kuungana, na katikati mara nyingi kuna uwazi. Pete za ndani ya mti, ambazo kwa miti mingine huhesabiwa kama miaka, kwenye mbuyu hazitegemeki. Watafiti huchukua vipande vidogo sana vya mti, hata kutoka ukuta wa ndani wa ule uwazi, wakapima kaboni yake. Kwa njia hiyo mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe ulikadiriwa kuwa na miaka 2,450 hivi kabla haujafa mwaka 2011. Wa Grootboom, Namibia, ulikuwa na miaka 1,275 hivi. Hiyo ndiyo mibuyu iliyoshtua dunia. Sasa mbuyu wako wa Kilwa uipite yote kwa rangi na brashi tu?

Kuna habari ya kusikitisha zaidi, na hiyo ndiyo ningependa wageni waisome. Utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyopimwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa yote au sehemu yake kubwa tangu 2005, na watafiti wakashuku mabadiliko ya tabianchi. Sijasikia kwamba mibuyu yetu imefanyiwa hesabu ya namna hiyo, basi tuitunze kabla hatujajua umri wake.

Kwenye bango andika unayoweza kuyasimamia: mzingo wa shina uliopima mwenyewe kwa utepe, jina ambalo kijiji kinauita mti huo, na kwamba maua ya mbuyu hufunguka jioni na kuchavushwa na popo. Mzee wako usimbishie. Anachokuambia ni kwamba yeye aliukuta mti huo, na babu yake naye aliukuta, na hilo ni kweli. Liandike kama alivyolisema.

Mwingine ameuliza kama mvule wa Rondo ndio mti mrefu kuliko yote Afrika. Hapana. Mti wa asili mrefu zaidi uliowahi kupimwa barani uko Kilimanjaro, mita 81.5, na ulitangazwa mwaka 2016.

Tunaweza kuja Aprili? Vyumba huwa rahisi. (Msomaji, Dodoma)

Msije. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili na kuingia Mei, na vyumba ni rahisi kwa sababu barabara hazipitiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kuja Lindi, ile ya lami. Hebu fikirieni ya udongo ya kwenda Liwale. Njooni kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba, wakati nyasi ni fupi na wanyama wanasogea kwenye maji.

Tulikodi mwongoza watalii kutoka Dar es Salaam, ana leseni. Tulipofika kijijini wakatuambia tuchukue na kijana wa pale, naye alipwe. Huu si wizi? (Mama, Kibaha)

Si wizi, Mama, na natamani kila kijiji kifanye hivyo.

Huyo wa Dar es Salaam ana leseni, anajua sheria, anajua kuzungumza na wageni. Hajui tembo wamepita njia gani usiku wa jana. Hajui mbuyu upi una nyuki ndani, na nyuki wa porini wameua watu. Hajui mti upi ni wa mizimu ambao hausogelewi bila mzee kuarifiwa. Kijana wa kijiji anajua yote hayo kwa sababu anaishi nayo. Siku mambo yakiharibika, yeye ndiye anayejua nyumba ya karibu iko wapi.

Halafu kuna suala la msitu ni wa nani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Misitu mingi mnayopita kwenda kupiga picha ni ya namna hiyo. Wanakijiji wanafanya doria kwa miguu yao, wanazima moto kwa matawi, wanagombana na wakata mbao. Wewe unapita, unapiga picha, unaondoka. Wao wamepata nini?

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu najua kinachoushinda msitu wa Lindi. Ni ufuta. Mkulima anafyeka msitu, anachoma, anapanda ufuta misimu michache, ardhi ikichoka anasonga mbele. Sina haki ya kumlaumu: ufuta una mnunuzi na una bei, analipa ada ya shule na bati la nyumba. Mvule uliosimama haumlipi mpaka aulaze chini. Kama tunataka usimame, lazima usimame ukiwa na faida kwake, tena faida anayoiona mwaka huu.

Hilo linawezekana. Vijiji vya Kilwa vilianza kusimamia mipingo yao wenyewe, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa misitu ya jamii. Mpingo unahitaji zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, lakini watu wamekubali kuulinda, kwa sababu fedha ya magogo machache yanayovunwa kwa utaratibu inaingia kijijini, inajenga madarasa na zahanati. Utalii ufanye vivyo hivyo. Kwa hiyo Mama, mlipe kijana. Ila dai risiti ya ofisi ya kijiji, na umuulize mtendaji fedha inagawanywaje. Ukinyimwa risiti, hapo ndipo malalamiko yako yana haki, na uyapeleke halmashauri bila kuchelewa.

Nina jamaa yangu getini. Anaweza kutuingiza tukampa chochote kitu, bila kuhangaika na kontroo namba? (Hakutaja jina)

Hapana. Unaomba kuzunguka mbuyu ili ukautazame mbuyu. Jamaa yako atapoteza kazi, na mkipata ajali ndani hakuna anayejua kwamba mmeingia.

Nikienda Liwale nina uhakika wa kuona tembo? (Kaka, Ruangwa)

Uhakika hakuna, na anayekupa uhakika anataka fedha yako. Ile si bustani.

Jua kwanza unaenda wapi, maana Liwale inapakana na Selous. Mwaka 2019 sehemu ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Iliyobaki bado ni pori la akiba chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na humo kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii ambavyo si vya kwenda kutalii na kamera. Watu wanachanganya vibali kila mwaka na kurudishwa getini.

Kuhusu tembo wenyewe: katika miaka ya 1970 eneo la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya 2013 iliwakuta kama 13,000. Ujangili ulitufanya hivyo, na baadhi ya waliowaonyesha majangili njia ni ndugu zetu. Sasa wanaongezeka taratibu, wanarudi kwenye njia zao za zamani kuelekea Msumbiji, na njia hizo leo zina mashamba. Ukiwa Liwale au Nachingwea usishangilie tembo mbele ya mtu aliyelala juu ya dungu usiku kucha akilinda mahindi yake. Mpe pole kwanza.

Shikamoo mzee. Nasikia Rondo kuna mnyama asiyepatikana kwingine. Ni kweli? (Mwanafunzi wa chuo, Mtwara)

Marahaba, mwanangu. Ni komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, uzito wake gramu 60 hivi. Ni wa Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani. Wanasayansi walimtambua rasmi kama aina ya pekee katika miaka ya 1990, na mlio wake ulisaidia sana kumtofautisha na ndugu zake. Kwa hiyo nenda usiku na masikio. Tochi iwe na karatasi nyekundu mbele, usimmulike machoni, na usicheze sauti yake kwenye simu ili aje. Anadhani mwenzake ameingia eneo lake. Mchana tafuta sange, yule mwenye pua ndefu anayechokora majani makavu. Ukikanyaga kwa vishindo humwoni.

Kwa nini hatuoni mibuyu michanga? (Msomaji, Lindi)

Ipo, hamuijui. Majani ya mche wa mbuyu hayajagawanyika kama ya mkubwa, na shina lake ni jembamba. Waswahili walisema mbuyu ulianza kama mchicha, basi huo mchicha ndio unaoliwa na mbuzi na kuungua kila moto unapopita. Zungushieni miiba.

Tunaweza kuwapeleka watoto Tendaguru wakamwone mjusi mkubwa? (Baba, Mtama)

Mjusi huyo, yaani dinosaria, yuko Berlin, Ujerumani. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ikabebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Kazi ya uchimbaji ilisimamiwa kwa sehemu kubwa na Boheti bin Amrani, jina ambalo watoto wa Lindi wangepaswa kulijua kabla ya jina la Mjerumani yeyote. Pale leo mtaona kilima na pori. Nendeni kwa ajili ya historia hiyo, mkiwa na mtu wa kuieleza vizuri. Na jiwe lolote linalofanana na mfupa liacheni lilipo.

Harusi yetu ni Agosti. Tunataka picha chini ya mbuyu, na kuchonga majina yetu kama kumbukumbu. Kibali tunaombea wapi? (Bibi harusi mtarajiwa, Mtwara)

Picha, ombeni serikali ya mtaa au kijiji. Mkikuta vitambaa, ubani au sahani chini ya mti, ondokeni mkatafute mwingine, maana hapo watu wanasali.

Kuchonga hakuna kibali, na siwapi baraka. Nimechoka kuona majina ya wapenzi kwenye magome ya Mikindani na Kilwa. Mbuyu una uwezo wa kuponya gome lake, lakini kovu halifutiki, na kila kidonda ni mlango wa wadudu na ukungu. Chongeni kwenye ubao, mtundike sebuleni kwenu.

Tuvae nini? (Wengi)

Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o huzifuata. Kahawia au kijani kilichofifia, mikono mirefu, viatu vilivyofunika. Chandarua na dawa ya kuzuia malaria kwa anayetoka mikoa ya baridi. Mifuko ya plastiki ni marufuku tangu Juni 2019, na bado kila msimu naiokota porini.

Mtoto wa miaka 5 anaweza kuja? (Dada, Masasi)

Mikindani na Kilwa, ndiyo. Kwenda Kilwa Kisiwani avae boya tangu mnapopanda chombo, hata nahodha akisema bahari imetulia. Kutembea kwa miguu porini Lukwika-Lumesule, hapana, mpaka aweze kukaa kimya anapoambiwa.