Kabla ya kulaumu mbegu ya mwani, jua maji yako yanatoka wapi

Nililima mwani aina ya kotonii upande wa mashariki ya Unguja, na kwa misimu mitatu mfululizo mazao yangu yaligeuka meupe na kukatika kila ilipofika Februari na Machi. Nilimlaumu aliyeniuzia mbegu, nikabadilisha kamba, nikahamisha vigingi vya kufungia kamba, na hasara ikarudi vilevile. Ndipo nilipoanza kupima joto la maji alfajiri na tena mchana bahari inapokupwa, nikaandika kila siku katika daftari, nikatambua kwamba bahari ya mbele ya nyumba yangu hutawaliwa kwa kiasi kikubwa na maji yanayotoka mbali sana.

Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska na kuifikia Afrika karibu na Rasi Delgado, ambako sehemu yake hugeuka kusini kuelekea Msumbiji na sehemu nyingine hupanda kaskazini kando ya Tanzania na Kenya. Wakati wa Kusi, yaani msimu wa upepo utokao kusini katikati ya mwaka, upepo huusukuma mkondo huu kwa nyuma, ukaenda kwa kasi inayozidi mita moja kwa sekunde. Wakati wa Kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini kuanzia Desemba hadi Machi, upepo huukabili, ukapungua sana. Upepo wa Kusi pia huyasogeza maji ya juu kuelekea nchi kavu, yakazama badala ya kuyapandisha yale ya chini yenye rutuba, na hiyo ni sababu mojawapo ya maji yetu kuwa maangavu lakini yenye chakula kidogo. Hali ni tofauti kaskazini ya Kenya, ambako mkondo wa Somalia hushuka wakati wa Kaskazi na kukutana na wetu, na maji yenye rutuba huinuka mbele ya Malindi na Lamu.

Kina nacho hubadili mambo. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, yaani sakafu ya bahari ya kina kifupi inayoungana na nchi kavu, na mlango wa bahari kati yake na Bagamoyo ni wa makumi tu ya mita, ilhali Pemba imetengwa na bara kwa kina cha mamia ya mita. Kwa hiyo usichukue ratiba ya ndugu yako wa Pemba ukaitumia Unguja bila kuijaribu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kupima, kwa sababu jua kali hupasha maji ya kina kifupi juu ya joto ambalo mkondo umekwisha kulileta, na mwezi wa Machi, upepo unapotulia, mambo haya mawili hujumlishana. Mimi sasa hupanda kotonii miezi ya Kusi, na ikifika Januari hubakiza spinosamu, aina nyingine ya mwani inayostahimili joto zaidi, au hupeleka kamba zenye maboya kwenye maji ya kina kirefu. Najua shauri hili la mwisho ni zito kwa akina mama wasiojua kuogelea na wasio na chombo, wala simshawishi mtu aingie kwenye hatari. Wale wanaoweza kuchangia ngalawa moja wafanye hivyo kwanza.

Pili, utabiri wa msimu unapotolewa, usiishie kwenye mvua. Soma pia sehemu inayoeleza joto la Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko kawaida na ule wa Indonesia ukapoa, kama ilivyotokea mwaka 1997 na tena 2019, vuli huwa kubwa na mito huleta tope jingi baharini. Mwaka 1998, baada ya hali hiyo kuungana na El Niño, yaani kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Nikisoma habari hiyo mwezi wa Oktoba, napunguza kamba za kotonii mapema na kuhifadhi mbegu mahali penye maji yanayopita kwa nguvu. Majirani zangu wawili hupima pamoja nami sasa, na kila mwisho wa mwezi tunalinganisha madaftari kabla ya kuamua nani apande nini.