Damu Kwenye Mfupa wa Paja: Kuku Ameiva au Bado?

Msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia juzi: amekaanga broila, nje amekuwa kahawia safi, lakini akivunja paja alilomtengea mtoto anaona wekundu mfupani. Ampe au asimpe?

Rangi hudanganya. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa bado haijakomaa. Akipata moto, hasa kama aligandishwa, rangi ya uboho hupenya hadi kwenye nyama iliyo jirani. Kinachoamua ni joto: nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya sehemu nene, ncha ya kipimajoto isiguse mfupa. Huna kipimajoto? Choma kisu kwenye kiungo cha paja. Maji yakitoka ya waridi, bado. Yakiwa meupe na kiungo kikiachia, ni dalili nzuri, ila si hakikisho, kwa hiyo funika sufuria na umwongeze dakika tano za moto mdogo.

Mara nyingi kosa huanza kabla ya mafuta. Kuku mwenye barafu ndani huungua nje huku mfupa ukiwa baridi. Mtoe friza jana yake, umweke rafu ya chini ya friji ndani ya bakuli, si juu ya meza. Chanja paja mara mbili hadi karibu na mfupa, kaanga kwa moto wa wastani dakika 14 hadi 16. Kifua kitoe mapema, hukauka haraka.

Na tafadhali, usimwoshe chini ya mfereji! Matone hurusha bakteria kama salmonela na kampilobakta hadi kwenye nyanya za kachumbari, na ndimu haiwaui. Ng'oa manyoya yaliyobaki, mpanguse kwa tishu, kisha osha kisu, kibao na mikono kwa sabuni.

Kienyeji ni habari nyingine. Nairobi iko juu, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana jogoo mzee hukaa jikoni saa moja na nusu au zaidi bado akigoma. Presha kuka humlainisha kwa dakika 30 hadi 40. Mkaange baada ya hapo.

Paja la Umoja, basi: lifunike, lipime tena. Likifika 74, mtoto ale, hata mfupa ukiwa mwekundu.